Ufa Ulioishia Pale Niliposema

Juzi Kerubo, msichana anayenisaidia kuuza dukani kwangu hapa Kisii mjini, alimrudishia mteja sarafu ya shilingi kumi. "Hii iko na alama," alimwambia. "Mtu ameichezea." Mteja, mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, akaanza kukunja uso. Nikanyoosha mkono nikaichukua. Ilikuwa na mstari mwembamba kama unywele, uliotoka ukingoni ukaelekea katikati kidogo. Nilipitisha kucha juu yake huku nimefumba macho, na kucha ikajikwaa.

"Hakuna aliyeichezea," nilimwambia Kerubo. "Imezaliwa hivi. Pokea."

Kerubo akaniangalia kwa lile jicho la kujiuliza mdosi leo ameamkaje. Sikumweleza. Tata, yaani baba yangu, tulimzika msimu wa mvua uliopita, na pale pale kaunta harufu ya banda lake ilikuwa imenijaa puani: makaa, mafuta machafu ya gari, na unga wa mahindi uliopeperuka kutoka kwenye kinu cha jirani. Nikajifanya natafuta chenji kwenye droo mpaka macho yakakauka.

Kama ulikulia huku kwetu na ni wa rika langu, najua shingo yako bado inakumbuka uzito wa debe la mahindi. Ulitumwa kusaga na hukubishana. Pale sokoni Suneka kinu kilikuwa cha Mama Kwamboka, mjane mwenye sauti iliyoishinda injini yake. Ukilipa alikupa kibati, kiduara cha metali chenye picha ya hindi upande mmoja. Injini ikizimika, na ilikuwa na tabia ya kuzimika wewe ukiwa umebakiza mtu mmoja mbele yako, ulirudi nyumbani na kibati chako, ukaja nacho kesho yake na hakuna aliyekuuliza neno. Tulivifunga vibati kwenye pembe ya leso, tukavishika njia nzima tukiimba. Aliyepoteza chake alijua kinachomngoja nyumbani.

Vibati vile alivitengeneza Tata. Banda lake liligusana na ukuta wa kinu, na kila kitu ndani yake kilikuwa na vumbi jeupe la unga, hata kope zake. Alianza maisha akichonga mawe laini ya Tabaka, vifaru na visahani vya kuuziwa wageni, mpaka akachoshwa na kuchonga vifaru ambao hajawahi hata kuwaona, akahamia chuma. Kwa hiyo alikuwa na mkono wa mchongaji na hasira za mfua chuma, na sisi nyumbani tulijifunza kujua ni yupi amerudi jioni.

Kwanza alitengeneza chapa. Alichukua kipande cha ekseli ya lori kuukuu, akakichoma kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakizika kwenye majivu kipoe polepole ili kilainike. Kisha alikibana na kuanza kukichonga usoni kwa tindo ndogo ndogo. Alichonga mambo kinyume. Pale alipotaka punje ya hindi iinuke, alichimba shimo. Jani la kulia alilichora kushoto. Kila baada ya muda aliikandamiza chapa kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, akanigeuzia sabuni.

"Ni hindi ama ni samaki?" aliniuliza.

"Ni samaki, Tata."

Basi aliguna akaendelea. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na niliiona kubwa kuliko ya mwalimu mkuu. Hindi likishafanana na hindi, aliichoma tena chapa, safari hii akaitosa kwenye mafuta iwe ngumu. Halafu aliweka kiduara cha metali iliyokatwa kwenye sufuria mbovu, akasimamisha chapa juu yake, akapiga nyundo. Ta! Kibati kikazaliwa. Bado kilikuwa na joto alipokiweka kiganjani mwangu.

"Hii chapa ndiyo mama," aliniambia. Nyumbani tulisema Ekegusii. Hapa nawapa maneno yake kwa Kiswahili kama alivyokisema sokoni. "Hizi zingine zote ni watoto. Mama akiwa na alama, watoto wote wataibeba." Akanifundisha kusoma kwa kucha. Mstari ulioingia ndani ni mkwaruzo tu, kimekwaruzwa njiani, yamekwisha. Lakini mstari uliosimama, unaokwaza kucha, haukuja na safari. Maana yake mama ana ufa, na metali ikipigwa inaingia ndani ya ule ufa na kuinuka. "Ukiona laini imesimama," alisema, "ujue kuna kitu kimepasuka mahali huoni."

Maneno hayo niliyaweka moyoni kama mtoto anavyoweka, bila kuyapunguza.

Niseme na jina langu, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea. Mimi ni Moraa, na Moraa alikuwa mama yake Tata, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na jina halikai bure. Tata hakuniita Moraa hata siku moja. Aliniita Omong'ina, yaani mwanamke mzee, mimi niliyekuwa bado natoka kamasi. Nikikohoa aliuliza, "Omong'ina amelala vizuri kweli?" Nikikataa mboga, alimwambia Mama, "Wacha, huyu alinilea, sasa nitamlazimisha kula chinsaga?" Mama alisonya. Mama alikuwa mtu wa Gesima, watu wa majani chai, hawana muda wa upuuzi.

Kisha Tata akaugua. Tumbo lilimkamata akiwa bandani, akabebwa na wanaume hadi hospitali ya misheni, na tukaambiwa utumbo umejisokota, lazima apasuliwe. Nakumbuka nyumba ilivyokuwa: wanawake wa kanisani wakiingia na uji, Mama akikaa bila kufanya lolote, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Sabato ile tulimwombea kanisani tukiwa tumesimama, na nilimchungulia mzee wa kanisa kuona kama yeye mwenyewe anaamini.

Alirudi. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka kama kitanzi. Siku ya kumchukua hospitalini nilikuwepo, nikamsikia nesi akimwambia kwa ukali, "Mzee, usiinue kitu kizito. Ukiinua, hapa patafunguka, na sijui kama utatufikia." Akamfunua shati kidogo kumwonyesha Mama namna ya kupasafisha. Nikaona. Mstari mrefu ulishuka tumboni mwa Tata, mwekundu, umeinuka.

Umesimama.

Sikulia. Nilisimama pale na akili yangu ndogo ikafanya hesabu yake kwa haraka kuliko ilivyowahi kufanya darasani. Mstari umesimama; basi kuna kitu kimepasuka mahali huoni.

Tata hakujua kukaa. Mama alimficha nyundo chini ya kitanda, Tata akaipata. Alikaa nyumbani akilalamikia kuku, ndizi, na redio, mpaka mwishowe akarudi bandani "kuangalia tu kama panya hawajaingia." Mama Kwamboka alikuwa amepungukiwa na vibati. Watu walivipoteza, wengine walivitoboa wakavifanya vifungo vya makoti, na kinuni kulikuwa na fujo kila siku ya soko, huyu akidai amelipa, yule akiapa kwa watoto wake. Tata akachukua chapa yake na kuanza kupiga.

Na chapa ile ikawa imepata ufa.

Nilikuwa wa kwanza kuugundua. Nilipitia bandani nikitoka shule, nikaokota kibati kipya, kucha ikajikwaa ukingoni. Mstari mfupi, mfupi sana, kando ya jani la hindi. Nilikitafuta kibati cha zamani kwenye leso yangu nikakilinganisha. Kile hakikuwa nao. Siku iliyofuata niliokota kingine. Mstari ulikuwa umefika kwenye punje ya kwanza. Baadaye ukafika ya pili. Ta, ilisema nyundo, na kila ta niliyoisikia kupitia ukuta wa kinu niliiona kwa macho yangu: ufa unasogea chumani, na chini ya shati la Tata ufa mwingine unasogea pamoja nao. Nesi alisema patafunguka. Hakusema ni lini. Mimi nilijua lini. Ni siku mstari ule utakapovuka hindi na kutokea upande wa pili.

Mnaweza kucheka. Nami hucheka siku hizi, kidogo. Lakini sijawahi kuogopa vile tena, na nimeshazaa, nimeshafilisika, nimeshaanza upya. Nilikuwa nalala na kibati kipya mdomoni, kati ya shavu na meno, ili ulimi uendelee kupima. Nilimwomba Mungu azime injini ya kinu milele. Siku moja ilizimika nikafurahi sana, kumbe mashine ikizimika ndipo vibati vinapohitajika zaidi. Nilimwambia Mungu hajanielewa.

"Tata, pumzika," nilimwambia.

"Nimepumzika hospitali mpaka mgongo ukaisha."

"Chapa imechoka."

Akaitazama chapa, akaitazama sura yangu. "Imechoka, ni kweli. Hii niliichoma tena ilipolegea, nikaizima na maji baridi siku ile mafuta iliisha. Chuma haipendi haraka. Lakini itanimalizia kazi kidogo."

Aliposema "itanimalizia" nilitoka nje nikakaa nyuma ya magunia.

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Kinu kilikuwa kimejaa watu hadi mlangoni mwa banda, wanawake na madebe yao, mvua ikitisha huko milimani. Nilikuwa kwenye foleni na mahindi ya nyumbani. Nikasikia ta, kisha ta, kisha sauti nyingine kabisa, fupi, ya kufa, kama mtu amevunja mua kwa goti. Halafu kimya.

Niliacha debe. Nadhani lilimwagika, maana baadaye Mama alinisema kwa ajili ya mahindi. Niliwasukuma watu wazima nikaingia bandani. Tata alikuwa ameinama juu ya jiwe lake la kufulia chuma, na chapa ilikuwa chini, vipande viwili. Nikamrukia. Nikashika shati lake mbele, kwa mikono miwili, nikalivuta mpaka vifungo vikaruka, nikamwacha tumbo wazi mbele ya soko zima.

Kwa msomaji wa mbali hilo linaweza kuonekana jambo dogo. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayomzuia mtoto hata kuingia chumba cha wazazi wake. Mtoto hamvui baba yake nguo. Hata wazimu ukikushika, unakushika upande mwingine. Wanawake walipiga kelele kwa pamoja, "Obee!" na Mama Kwamboka akaja mbio, unga hadi kwenye nyusi.

"Moraa! Umerogwa? Huyo ni baba yako!" Akanishika mkono kunitoa.

"Mwache," Tata alisema.

"Nimwache aje? Anakuvua mbele ya watu!"

"Mwache, Mama Kwamboka. Huyu ni mama yangu. Mama atakatazwa kuangalia mtoto wake?"

Mwanamke mmoja nyuma akasema taratibu kwamba kweli, jina ni la marehemu, na mwingine akaitikia. Hakuna aliyecheka. Walirudi nyuma hatua, na Tata akasimama wima, mikono ameiinua kidogo pembeni, mwanamume mzima aliyekuwa akiogopwa na nusu ya soko, akingoja mimi nimalize.

Nilipitisha kidole toka juu hadi chini. Mstari ulikuwepo, umesimama, lakini ulikuwa umefungwa. Hapakuwa na damu. Haukuwa umesogea popote. Nilirudia. Ndipo nikalia, na maneno yote yakatoka, ya nesi na ya ulimi na ya hindi, yamechanganyika na kamasi. Tata alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniokotea vile vipande viwili, akanipa.

"Omong'ina," alisema, "hii ni chuma. Imevunjika peke yake. Mimi niko hapa." Halafu, baada ya kufikiri: "Lakini sitapiga tena mpaka uniruhusu."

Na hakupiga. Mama, ambaye alikuwa amemsihi, amemgombeza na kumsemea kwa mchungaji, alisimuliwa habari hiyo akakaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi na upindo wa leso. Kilichomshinda yeye, kamasi zangu zilikiweza. Tata alipumzika msimu mzima wa mahindi. Nilimkagua kila jioni, naye alijifunua bila kulalamika, akiuliza habari za mstari, "Umefika wapi?" Nami nikijibu, "Hapo hapo."

Nilipomruhusu, alichonga chapa mpya. Aliichonga bila haraka na akaizima kwa mafuta. Hindi lake lilikuwa zuri kuliko la kwanza, nilimwambia hivyo alipoikandamiza kwenye sabuni mara ya kwanza tu. Vibati vilivyotoka vilikuwa safi, havina hata doa. Mama Kwamboka akavigawa kwa majivuno.

Watu wakavikataa.

Ilianza na bibi mmoja kutoka upande wa Nyacheki, aliyezoea kuja kwa bintiye. Alikipitisha kibati kwenye ukucha, akakirudisha. "Hii si ya Suneka. Ya Suneka iko na laini." Wa pili akachungulia chake, akasema hata hiki hakina. Kufikia mchana habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna vibati bandia sokoni, na yeyote mwenye kibati safi aliangaliwa kama mwizi. Vya zamani visivyo na mstari vilikuwa vimepotea karibu vyote, na ule ufa nilioutazama kwa hofu, wenzangu walikuwa wameuzoea kama alama ya ukweli. Walidhani Tata aliuweka makusudi, kwa werevu wake. Mama Kwamboka aliwaeleza kwa sauti yake yote, wakamsikiliza kwa heshima, na wakaendelea kukataa.

"Fundi," alimwambia Tata akiwa amekata tamaa, "turudishie ile laini."

Tata alicheka hadi akajishika tumbo, nami nikamwambia aache kucheka, atajiumiza. Kisha akailainisha tena chapa kwenye moto, akaibana, akachagua tindo iliyo nyembamba kuliko zote. Nilijua anachotaka kufanya. Nikasogea nyuma. Nilikuwa nimekwisha kuelezwa kwamba chuma ni chuma, na nilikuwa nimeamini, lakini kuamini kwa mtoto kuna mlango wa nyuma.

Aliniona. Akaweka tindo ukingoni mwa chapa, akangoja.

"Sema wewe," aliniambia. "Iishie wapi?"

Nikaangalia. Nikaweka kidole karibu sana na ukingo, hata kwenye jani la hindi hakijafika.

"Fupi hivyo? Wataiona kweli?"

"Wataisikia na kucha."

"Mama yangu akisema hapa, ni hapa," alisema Tata, na akachonga mpaka pale kidole changu kilipokuwa. Hakuzidisha hata kidogo.

Suneka nzima ilivipokea vibati vile bila swali. Kinu kilivitumia miaka mingi, mpaka umeme ukafika na vinu vikawa kila kona, na Mama Kwamboka akafunga chake akahamia kwa mwanawe. Tulipokuwa tukitoa vitu bandani baada ya mazishi, niliipata ile chapa imefungwa kwenye gunia lenye mafuta, na pembeni yake mkebe wa vibati, vya mwanzo na vya mwisho vimechanganyika. Nilikaa juu ya jiwe la kufulia nikapitisha kucha kwenye kila kimoja. Mstari ule wa kuchongwa, kwenye vyote vilivyokuwa nao, uliishia mahali pamoja.

Nilikua, nikaolewa, nikaleta watoto nyumbani, na mchezo wetu haukuisha. Kila nilipofika, kabla hata ya chai, Tata alinipokea na lile swali: "Omong'ina, umefika wapi?" Nami nilisema hapo hapo bila kuangalia, maana nilikuwa mtu mzima na chinsoni imenirudia.

Mwaka huu kifua kikamlemea. Hakikuwa na uhusiano wowote na ule mkato wa zamani. Madaktari walisema ni mapafu, vumbi la miaka mingi, la mawe, la makaa na la unga. Nilimkuta hospitalini mchana, dirisha liko wazi, ameegemezwa kwenye mito. Hakuwa na pumzi ya mazungumzo. Alihangaika na kifungo cha pajama kwa vidole vilivyovimba, na muuguzi akataka kumzuia, nikamwomba amwache. Kikafunguka. Akanitazama, na midomo yake ikaunda swali bila sauti.

Safari hii niliangalia. Kovu lilikuwa limekuwa jeupe, limezama katikati ya mikunjo ya ngozi, lakini nilipolipitishia kidole toka juu hadi chini, lilisimama bado.

"Hapo hapo, Tata," nilimwambia. "Haujasogea."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaniachia nimfunge kifungo.